Kikohozi kikavu kisichoisha: jinsi ya kuandaa Sha Shen Mai Dong Tang

Mwaka wangu wa pili Beijing nilikohoa kuanzia katikati ya Novemba hadi karibu na Mwaka Mpya wa Kichina. Mafua yenyewe yaliisha kwa siku tano. Kilichobaki ni kikohozi kikavu, kile cha kukwangua koo, kisichotoa kohozi wala kukuacha ulale. Beijing mabomba ya kupasha nyumba joto hufunguliwa tarehe 15 Novemba na kufungwa tarehe 15 Machi, na kwa miezi hiyo minne hewa ya chumbani hukauka kiasi kwamba suruali nzito uliyoanika usiku unaivaa asubuhi. Mimi mtu wa Tanga, niliyekulia kwenye unyevunyevu wa bahari, kifua kikakataa.

Nikafanya kile ambacho mtu yeyote wa kwetu angefanya: tangawizi. Tangawizi na limau asubuhi, tangawizi na asali usiku. Kikohozi kikazidi. Jirani yangu wa ghorofa ya chini, mama mtu mzima niliyemwita Ayi kama vijana wa huko wanavyowaita wanawake wa rika la mama zao, alinisikia nikikohoa kwenye ngazi akaniuliza natumia dawa gani. Nilipomtajia tangawizi alijipiga kofi pajani. "Moto unawaka, wewe unaumwagia mafuta!"

Siku hiyo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza jina la Sha Shen Mai Dong Tang. Neno "tang" maana yake ni mchuzi au supu, na kwenye dawa ni mchemsho. Nimeichemsha mara nyingi tangu hapo, yangu na ya wenzangu wa chuo, kila mara baada ya mganga wa tiba ya Kichina kuandika cheti. Mimi si daktari. Ninachoweza kukueleza ni jinsi inavyofanya kazi kwa mawazo ya wenyewe, jinsi ya kuinunua bila kupigwa, jinsi ya kuichemsha bila kuiunguza, na nani asiiguse.

Ilikotoka

Aliyeiandika ni Wu Jutong, mganga aliyezaliwa mwaka 1758 Huaiyin, jimbo la Jiangsu. Alimpoteza baba yake akiwa kijana wa miaka 19, na hilo ndilo lililomsukuma kwenye vitabu vya tiba. Kitabu chake kuhusu magonjwa ya joto, Wenbing Tiaobian, alikikamilisha mwaka 1798 na kikachapishwa 1813. Dawa hii imo katika sehemu ya ukavu wa majira ya vuli, yale majira ambapo kaskazini mwa China mvua imekatika, upepo unavuma mkavu na midomo inapasuka. Maelezo yake ni mafupi mno: ukavu umeidhuru yin ya mapafu na tumbo, mtu ana homa au anakohoa. Kisha viungo saba, vipimo, na agizo la maji. Basi.

Yin hapa ichukulie kama majimaji yanayolainisha mwili na kuupoza. Kwa mtazamo huo, mapafu yaliyokauka hayana kohozi la kutoa, kwa hiyo ukiyapa dawa ya kusukuma kohozi unayakwangua tu. Yanahitaji kuloweshwa.

Hatua ya 1: jua kikohozi chako ni kipi

Hapa ndipo watu wengi huharibu, kwa hiyo tukae kidogo.

Kwanza hospitali. Kikohozi kilichofika wiki mbili, kwetu Afrika Mashariki, ni cha kupimwa kifua kikuu, hata kama unajiona mzima. Usingoje kutoa damu. Ukiwa na homa za jioni, jasho la usiku linalolowesha shuka, au suruali imeanza kukuvuka, nenda kesho asubuhi. Nalisema kwa mkazo kwa sababu mwisho wa agizo la Wu Jutong kuna mstari unaosema mwenye homa ya muda mrefu na kikohozi cha muda mrefu aongezewe digupi, yaani ganda la mzizi wa mmea wa goji, qian tatu (qian ni kipimo cha zamani, kama gramu 3). Ukiusoma leo, huyo mtu anayeelezwa ndiye hasa anayetakiwa kutoa makohozi yapimwe. Mwaka 1798 bakteria wa kifua kikuu alikuwa hajagunduliwa. Sisi hatuna kisingizio hicho.

Pili, angalia dawa unazomeza. Enalapril, captopril na lisinopril, vidonge vya presha vinavyotumiwa na wazee wetu wengi, huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu cha kudumu. Mtu anaweza kunywa mizizi ya China mwaka mzima na kikohozi kikabaki palepale, kumbe kinatoka kwenye kidonge cha asubuhi. Usikiache mwenyewe; mwambie daktari akubadilishie. Pumu, kiungulia kinachopanda usiku na mafua yanayodondokea kooni nayo hukohoza bila makohozi, na kila moja lina tiba yake.

Ukishavuka hapo, ndipo uje kwenye dalili ambazo mganga wa Kichina anazitafuta. Atakwambia utoe ulimi. Ulimi wa dawa hii ni mwekundu, mkavu, wenye utando mdogo au usio na utando kabisa. Koo linawasha na kukauka, una kiu, sauti imekwaruza. Kohozi halipo, au ni tone dogo la kunata linalotoka baada ya kukohoa hadi machozi. Kikohozi huzidi usiku, ukizungumza sana, au ukikaa kwenye kiyoyozi.

Ulimi ukiwa na utando mweupe mnene kama umepakwa tui, na kifua kinakoroma kwa makohozi mengi, acha. Dawa hii inalowesha, na wewe tayari umelowa, utajiongezea makohozi. Vivyo hivyo kama mafua ndiyo kwanza yameanza na mwili unasisimka kwa baridi. Nilimwona mwenzangu mmoja akiomba kumalizia mafungu yangu mawili kwa sababu "si sote tunakohoa". Alikuwa na kifua cha makohozi ya kijani. Siku ya pili tumbo lilimjaa gesi, akaharisha, na kikohozi kiko vilevile.

Hatua ya 2: nani asiinywe

Mjamzito, asiinywe kabisa. Kiungo kimoja humu, tian hua fen, ni mzizi ambamo wanasayansi wa China walitoa protini iliyotumika hospitalini kutoa mimba. Anayenyonyesha na mtoto mdogo wasipewe bila mtaalamu.

Mwenye presha, ugonjwa wa moyo au wa figo, na anayetumia vidonge vya kukojoza au digoxin (dawa ya moyo), ajihadhari na urukususu uliomo. Mzizi huo ukinywewa kwa muda hupandisha presha na kupunguza potasiamu mwilini. Gramu tatu kwa siku chache ni kidogo, lakini kidogo juu ya moyo unaoyumba si kidogo. Mwenye kisukari amwambie daktari wake kabla hajaanza. Na mwenye tumbo la baridi, yule anayeharisha akila tikitimaji, hii haimfai.

Hatua ya 3: vijue viungo saba

Wu Jutong alipima kwa qian. Siku hizi qian moja huhesabiwa gramu 3, na fungu la siku moja linakuwa hivi:

Bei sha shen (北沙参), gramu 9
Mai dong (麦冬), gramu 9
Yu zhu (玉竹), gramu 6
Sang ye (桑叶), gramu 4.5
Bai bian dou (白扁豆), gramu 4.5
Tian hua fen (天花粉), gramu 4.5
Sheng gan cao (生甘草), gramu 3

Jumla gramu 40.5. Waganga wa leo mara nyingi huongeza au kupunguza kulingana na mtu, kwa hiyo usishangae cheti chako kikitofautiana na hiki.

Viwili vya mwanzo ndivyo vilivyoipa dawa jina, na ndivyo vinavyobeba mzigo. Bei sha shen ni mzizi mwembamba wa mmea unaoota kwenye mchanga wa pwani. Ule wa Laiyang, Shandong, ndio wenye sifa. Mai dong ni vijinundu vya mizizi, virefu kama punje ya tende changa, vya rangi ya manjano inayopitisha mwanga. Kitafune kimoja: ni laini, kinanata kwenye meno, kitamu na uchungu kwa mbali. Huko kunata ndiko wanakokutafuta. Yu zhu na tian hua fen husaidia kulowesha na kukata kiu. Tian hua fen maana yake ni "unga wa ua la mbinguni", jina la kifahari kwa kipande cha mzizi cheupe kama chaki.

Vitatu vilivyobaki si wageni kwetu. Sang ye ni majani ya mforsadi, yale yale wanayolishwa viwavi wa hariri, ila Wachina hutaka yaliyochumwa baada ya baridi kali kuanguka mwishoni mwa vuli. Kazi yake ni kuondoa joto jepesi lililosalia mapafuni. Gan cao ni urukususu, unaouzwa kwenye maduka ya viungo na dawa za asili Mombasa na Unguja. Spishi ya China ni ndugu wa ule wa Uarabuni. Na bai bian dou ni fiwi nyeupe, ambazo wengine huziita ngwara. Mkenya anayekula njahi anakula ndugu yake mweusi.

Maharage kwenye dawa ya kikohozi yalinichekesha mwanzoni. Maelezo ni kwamba tumbo ni mama wa mapafu: katika hesabu yao ya elementi tano, tumbo na wengu ni Udongo, mapafu ni Metali, na Udongo ndio unaoizaa Metali. Mama akiwa na njaa, mtoto atanyonya nini? Fiwi na urukususu wamewekwa kumlisha mama, na pia kulilinda tumbo dhidi ya ubaridi wa vile vingine. Dawa nyingine ya zamani zaidi ya kikohozi kikavu, Mai Men Dong Tang ya Zhang Zhongjing, mganga wa enzi ya kale ya Han, humo ndani kuna mchele kwa sababu hiyohiyo. Japani wanaitumia hadi leo kwa jina la bakumondoto.

Lakini kuvijua vitatu si ruhusa ya kubahatisha vinne. Ukichemsha mforsadi, fiwi na urukususu peke yake umepata kinywaji, si dawa hii. Na fiwi usizile mbichi wala nusu mbichi, zina sumu inayokwisha kwa kuchemshwa vizuri.

Hatua ya 4: kununua

Kama uko China, nenda na cheti cha mganga kwenye duka la dawa za asili, zhongyaofang. Nyuma ya kaunta utaona kabati kubwa la mbao lenye droo ndogondogo nyingi, kila droo na majina mawili matatu juu yake. Mhudumu hupima kwa mizani ndogo ya mkono iitwayo dengzi, kisha humwaga kila kiungo pembeni yake juu ya karatasi bila kuvichanganya. Si madoido. Anakuja mwenzake na cheti, anapitisha kidole kimoja kimoja: hiki kipo, hiki kipo. Ndipo wanafunga. Duka likikumwagia kila kitu kwenye mfuko mmoja kwa mara moja bila mtu wa pili kukagua, mimi huwa naondoka.

Nusa kabla hujalipa. Bei sha shen na yu zhu huwa na weupe wa maziwa au manjano hafifu. Vikiwa vyeupe pe, vinang'aa, na harufu inachoma puani kama kiberiti kilichozimwa sasa hivi, vimefukizwa salfa ili visioze na vipendeze. Kwa mtu mwenye kikohozi hilo ni balaa. Angalia pia ukungu kwenye mai dong, maana ina sukari na hushika unyevu haraka. Hapo Dar au Mombasa ambako kuna unyevu, ukishainunua iweke kwenye chupa yenye mfuniko.

Kama uko nyumbani na unamtafuta mtaalamu, Tanzania kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Mwombe mganga akuonyeshe usajili wake. Asipolipenda ombi hilo, umeshapata jibu.

Tahadhari mbili za sokoni. Vidonge vya bei rahisi viitwavyo fufang gancao pian, ambavyo wanafunzi hupenda kubeba kwenda navyo likizo, vina unga wa afyuni ndani. Vinatuliza kikohozi kweli, lakini vinazoesha, na si kitu cha kukutwa nacho uwanja wa ndege. Ya pili: ukiona ma dou ling kwenye cheti cha kikohozi, kataa. Ina asidi ya aristolokia, inayoua figo na kuleta saratani. Miaka ya 1990 mwanzoni, wanawake wengi huko Brussels waliharibikiwa figo kwa vidonge vya kupunguza unene vilivyokuwa na mmea wa jamii hiyo.

Hatua ya 5: kuchemsha

Tumia chungu cha udongo, sufuria ya kioo au ya enameli isiyobanduka. Chuma, alumini na shaba hapana, maana vinaingiliana na dawa. Chungu kipya kichemshie maji matupu kwanza.

Suuza viungo haraka kwa maji baridi, usivisugue. Ponda fiwi kidogo kwenye kinu, zigawanyike tu. Weka vyote chunguni, mimina maji baridi kama mililita 600, yavifunike kwa upana wa vidole viwili. Loweka nusu saa. Usianze na maji ya moto, fiwi zitakaza nje na ndani zikabaki zilivyo.

Washa moto mkubwa hadi yachemke. Punguza hadi uone vipovu vinapanda taratibu upande mmoja wa chungu, funika ukiacha upenyo, subiri dakika 30. Chuja. Utapata kama kikombe kimoja. Rudisha machicha chunguni, ongeza mililita 400 za maji, chemsha tena dakika 20, chuja. Changanya ya kwanza na ya pili, kisha gawa sawa mara mbili. Kitabu kilisema vikombe vitano vya maji vichemshwe vibaki viwili, mara moja tu. Njia ya mara mbili ndiyo wanayokufundisha madukani leo, na hesabu inarudi palepale.

Kaa karibu na jiko. Mimi niliwahi kwenda kupokea simu ya mama, na mama akishaanza habari za majirani hamalizi. Niliporudi chungu kilikuwa kinanuka sukari iliyoungua. Nikaongeza maji nikidhani nimeokoa jahazi. Ayi alinusa tokea mlangoni, akachukua chungu na kukimwaga chooni bila kuniuliza. Dawa iliyoungua haiongezwi maji, hutupwa.

Ikitoka sawa huwa ya rangi ya chai ya rangi iliyopauka, nzito kidogo mdomoni, na utamu wa urukususu mwishoni. Kati ya dawa za Kichina, hii ni ya wastaarabu. Zipo zingine utazikimbia.

Hatua ya 6: kunywa

Nusu asubuhi, nusu jioni, saa moja hivi baada ya chakula, ikiwa ya uvuguvugu. Isiwe ya baridi kutoka kwenye friji. Kunywa taratibu, iache ipite kooni. Fungu moja ni la siku moja; usilaze hadi keshokutwa.

Siku hizo weka kando pilipili, vitu vya kukaanga, pombe, sigara na, ndiyo, tangawizi. Bakuli la maji karibu na kipasha joto husaidia kuliko watu wanavyodhani.

Kwa kawaida mganga hutoa mafungu matano hadi saba, kisha anataka kuuona ulimi tena. Mimi koo lilianza kulegea siku ya tatu, na usiku wa tano nililala moja kwa moja. Sitakudanganya kwamba najua ni dawa peke yake. Niliacha tangawizi, nikaweka maji chumbani, na kikohozi cha baada ya mafua huwa kinachoka chenyewe pia. Majaribio ya kitabibu yaliyofanywa juu ya mchemsho huu mengi ni madogo. Wiki ikipita bila nafuu, usiongeze fungu la nane. Rudi ukapimwe. Choo kikilegea, tumbo kujaa au miguu kuvimba, acha siku hiyohiyo. Ukikosa pumzi au ukitoa damu, hilo si la mganga wa mizizi.

Usipopata viungo

Kuna njia ya jikoni ambayo Ayi alinipa wakati nasubiri siku ya kumwona mganga, na haihitaji cheti. Chukua peasi moja, la Lushoto linafaa sana msimu wake ukifika. Likate juu kama mfuniko, litoe moyo na mbegu, tia ndani kipande cha sukari mawe ukubwa wa ncha ya kidole gumba, rudisha mfuniko. Liweke ndani ya bakuli, bakuli ndani ya sufuria yenye maji kidogo, funika, lipike kwa mvuke dakika 40. Mwenye kisukari aache sukari. Jioni kunywa maji yaliyojikusanya kwenye bakuli kwanza, kisha kula peasi lenyewe na kijiko, na ganda lake.